Shemeji Ndiye Fundi Wetu, na Nguzo Zinanitia Hofu

Mshauri, salamu.

Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwetu jambo hili limekuwa halizungumziki tena. Nikilianza tu, mtu anainuka kwenye kiti.

Mimi na mume wangu tumepanga nyumba za watu kwa miaka mingi. Tulipopata kiwanja tuliandika majina yetu wote wawili, tukakubaliana kujenga nyumba ya chini: vyumba vinne, sebule, jiko, bati juu, basi. Tukachorewa ramani, tukapata kibali. Kuhusu fundi hapakuwa na mjadala. Kaka mkubwa wa mume wangu ni fundi, tena si fundi wa kuokoteza. Amekulia kwenye saiti, na nyumba alizojenga watu wanaishi humo. Zaidi ya hayo, yeye ndiye aliyeacha shule akaingia kazini ili mdogo wake asome. Mume wangu husema waziwazi kwamba bila kaka yake asingefika alipo. Watoto wetu wanamwita baba mkubwa, na mimi mwenyewe namheshimu.

Msingi ukachimbwa na kujengwa, jamvi la zege likamwagwa, kuta zikapanda mpaka usawa wa lenta, ile boriti ya zege inayopita juu ya madirisha na milango. Hapo mume wangu akaja na wazo jipya: badala ya kuezeka, tumwage slabu, yaani sakafu ya zege ya juu, tuweke ghorofa moja ya kupangisha. Alisema itatusaidia ada za watoto, na tukizeeka tutakuwa na cha kutegemea. Wazo lenyewe sikulikataa. Niliuliza tu kama msingi wa nyumba ya chini unaweza kubeba ghorofa. Shemeji akatabasamu, akasema, "Shemeji, msingi wangu naujua. Tutaongeza nguzo." Wakabomoa sehemu za kuta, wakasimamisha nguzo pembeni na katikati, wakamwaga zege.

Mbao zilipofunguliwa nikaona mambo yaliyoninyima usingizi. Nguzo mbili zina matundu kwa chini, kokoto zimekaa tupu bila saruji, na kwenye moja nondo inaonekana kabisa. Siku ya kumwaga nilikuwepo: kila zege lilipokuwa zito, waliongeza maji ili chepe lipite kwa urahisi. Baada ya hapo sikuona mtu akizimwagilia nguzo, isipokuwa siku nilizokwenda mwenyewe na ndoo. Sasa kuna nyufa pia. Mmoja unaanzia kwenye kona ya dirisha la chumba cha mbele na kupanda kwa mshazari, ukifuata maungio ya matofali. Nilipomwonyesha shemeji aliniambia ni mambo ya kawaida, plasta itafunika yote.

Nikapiga picha, nikampelekea mfanyakazi mwenzangu ambaye mume wake ni mhandisi. Jibu lilirudi fupi: simamisheni kazi. Nilipomweleza mume wangu, moto ukawaka. Akasema nimetoa siri za familia nje, nimemvunjia kaka yake heshima mbele ya watu asiowajua, na kwamba picha ya simu haipimi nguzo. Habari zikamfikia shemeji, akaondoka saiti bila kuaga. Mama mkwe akanipigia simu, akauliza kwa ule upole unaouma, "Mwanangu, unataka wanangu wagombane?"

Nondo za slabu zimeshafika. Mbao na mirunda vimeshafika. Kinachosubiriwa ni fedha ya saruji na kokoto, na fedha hiyo iko kwenye akaunti yangu, maana ni mkopo niliouchukua kazini kwa jina langu na ninakatwa mshahara kila mwezi. Sijaitoa. Mume wangu ananiuliza, "Wewe unajenga au unabomoa?" Tunalala chumba kimoja, lakini tunazungumza habari za watoto tu.

Nitoe fedha, ninyamaze, niiokoe ndoa yangu na kumwomba Mungu nguzo zishike? Au nisimame imara, aletwe fundi mwingine, nami nionekane mwanamke aliyewagawa ndugu? Sina ujuzi wa ujenzi, na huenda nakuza jambo dogo. Lakini wanangu ndio watakaolala chini ya slabu ile, na watoto wa wapangaji ndio watakaocheza juu yake. Nisaidie kufikiri.

Mama Watatu

*

Mpendwa Mama Watatu,

Pole kwa ukimya ulioingia chumbani kwenu. Naujua uzito wa kukatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya kitu ambacho huna uhakika nacho, na kuonekana mkorofi kwa sababu umeuliza.

Umenieleza kwamba una njia mbili: utoe fedha uilinde ndoa, au uizuie uilinde nyumba. Naomba tuliweke swali hilo kando kidogo, kwa sababu lipo lililotangulia ambalo hakuna aliyelijibu. Nguzo zile na msingi ule vina uwezo gani hasa? Shemeji yako anasema anaujua msingi wake. Mhandisi aliyeona picha anasema simamisheni. Mume wako anasema picha haipimi nguzo. Wewe una hofu. Mnazungumza watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyepima.

Na hapa nitasema jambo ambalo pengine hukulitarajia: katika maneno yote yaliyosemwa kwa hasira, la mume wako kuhusu picha ni la kweli. Picha haipimi nguzo. Usilipokee kama tusi. Lichukue kama mahali pa kwanza mnapokubaliana, umwambie, "Umesema kweli. Basi tumlete anayepima."

Tuangalie uliyoyaona, moja moja, maana hayana uzito sawa.

Nyufa kwanza. Tumefundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwenye jengo jipya uko ufa ambao kuuziba haraka ni kujinyima habari zake. Nyufa nyembamba kama unywele, zisizofika milimita 1, mara nyingi hutokana na saruji kusinyaa inapokauka, na kweli plasta na rangi huzimaliza. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha unahitaji kusomwa. Kona za madirisha na milango ndipo ukuta unapoelemewa zaidi, kwa hiyo huenda ni kusinyaa tu; huenda lenta haikulalia ukutani vya kutosha kila upande (sentimita 15 ndicho kiasi cha chini ambacho mafundi wengi hukifuata); na huenda upande mmoja wa msingi unatitia. Ufa wa namna hiyo ukiwa mpana zaidi juu kuliko chini, ni dalili kwamba pembe ya nyumba inashuka. Uliopita milimita 5 haufai kuachwa bila kuitiwa mtaalamu.

Kinachosema zaidi ni kama ufa unaendelea. Chukua penseli, weka alama mahali unapoishia juu na chini, andika tarehe ukutani, pima upana sehemu ileile kila wiki. Fundi anaweza pia kubandika kipande kidogo cha kioo kwa saruji juu yake: ukuta ukicheza, kioo kinapasuka. Kama udongo wenu ni ule wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, wiki chache hazitoshi kutoa jibu kamili. Hata hivyo mtapata la kuanzia, na hiyo ni kazi ambayo wewe usiye na ujuzi unaweza kuifanya bila kugombana na mtu.

Matundu kwenye nguzo nayo yana ngazi zake. Hutokea zege lisiposhindiliwa vizuri ndani ya mbao, au maji ya saruji yanapovujia kwenye nyufa za mbao na kuziacha kokoto zenyewe. Yakiwa ya juujuu, hurekebishwa: zege bovu linachongwa mpaka kufikia lililo zima, panasafishwa, panajazwa mchanganyiko wenye nguvu. Nondo ikiwa wazi, habari inabadilika. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, kwa hiyo nondo inayoshika kutu hulipasua zege kutokea ndani, na hilo hufanyika polepole nyuma ya plasta nzuri ambapo hakuna anayeliona. Hivyo usiruhusu nguzo hizo zipigwe plasta kabla hazijakaguliwa, hata kama mtashindwa kukubaliana juu ya mengine yote.

Kuhusu maji, wasiwasi wako una msingi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unahitaji maji kama lita 25 hivi kwa zege la kazi nzito, na kila ndoo inayozidi hapo hurahisisha kazi ya chepe na kupunguza nguvu ya nguzo. Zege pia halikauki kama nguo; saruji huendelea kukomaa kwa kunywa maji, ndiyo maana humwagiliwa siku 7 kwa uchache, na nguvu yake hupimwa ikiwa na siku 28. Zile ndoo ulizobeba zilikuwa kazi ya ujenzi, hata kama hakuna aliyekushukuru.

Sasa nije kwenye jambo uliloligusa kwa sentensi moja tu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Nyufa na matundu vinaonekana, ndiyo maana vimekukosesha usingizi. Msingi hauonekani. Msingi wa nyumba ya chini kwa kawaida ni ukanda unaopita chini ya kuta, nao huusambaza uzito wa kuta na paa kwa urefu wote. Nguzo hufanya kinyume: huukusanya uzito na kuushusha mahali pamoja, kwa hiyo kila nguzo huhitaji kitako chake chenye nondo, kipana kulingana na udongo uliopo. Swali ni hili: nguzo mlizoongeza zimekanyaga nini? Walichimba chini wakazitengenezea vitako, au wamezisimamisha juu ya jamvi na msingi wa zamani? Barua yako haisemi, na sidhani kama unajua.

Tazama hesabu kidogo. Zege lenye nondo lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita moja ya ujazo. Slabu ya unene wa sentimita 15 ni kama kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Nyumba ya mita za mraba 100 itabebeshwa tani 36 za slabu peke yake, kabla ya kuta za juu, paa, wapangaji, makabati na matangi ya maji. Bati mlilokuwa mmepanga halifiki kilo 10 kwa mita ya mraba. Mume wako alipobadilisha wazo, alibadilisha nyumba nzima kuanzia ardhini, na kwa jinsi ulivyosimulia hakuna aliyeirudia ramani wala hesabu. Kibali mlichopewa pia ni cha nyumba ya chini, na mara nyingi hakifuniki ghorofa.

Mwaka 1995 jengo la maduka la Sampoong, jijini Seoul, Korea Kusini, liliporomoka na kuua watu 502. Lilianza kujengwa kama jengo la makazi la ghorofa nne. Katikati ya ujenzi likageuzwa kuwa la maduka, nguzo zikapunguzwa, na ghorofa ya 5 ikaongezwa. Kampuni iliyokuwa ikijenga ilikataa mabadiliko hayo. Ikaondolewa, na mwenye jengo akatumia kampuni yake mwenyewe. Nyufa zilionekana kabla ya kuanguka, na biashara ikaendelea. Nyumba yenu ni ndogo mno kuliko hilo, na sikulitaja ili kukutisha. Nataka uone mahali kosa lilipoanzia: ni kwa mwenye mali aliyebadilisha matumizi na uzito huku kazi ikiendelea. Fundi hakuwa wa kwanza.

Ndiyo maana nakuomba ulitazame upya jina la shemeji yako katika jambo hili. Unaandika kana kwamba tatizo ni ufundi wake. Sehemu fulani ndivyo: maji yale, matundu yale, kutomwagilia, na ile kauli kwamba plasta itafunika. Hayo ni ya kwake, na anapaswa kuyajibu. Lakini kuongeza ghorofa kwenye msingi wa nyumba ya chini ni uamuzi wa wenye nyumba, yaani mume wako, na wewe pia uliyelikubali wazo lenyewe. Ndugu mkubwa aliyezoea kumbeba mdogo wake huona vigumu kumwambia "hili siliwezi". Pengine alipotabasamu alikuwa anajibu kama kaka, na hakuna aliyempa nafasi ya kujibu kama fundi. Simjui, na siwezi kuapa. Je, wewe una hakika ni kiburi?

Lipo jambo jingine. Yote yaliyofukiwa chini, ni yeye anayeyajua. Kina cha msingi, upana wake, udongo walioukuta, nondo ngapi na za unene gani, siku gani saruji ilipungua wakaongeza mchanga. Mhandisi yeyote atakayekuja atauliza maswali hayo. Mkimfukuza shemeji kwa aibu, ataondoka na majibu yote, na mtalazimika kuchimba na kubomoa ili mpate kile ambacho angewaambia kwa nusu saa. Ukaguzi unamhitaji kama shahidi mkuu. Hilo linaweza kuwa mlango wa kumrudisha saiti akiwa na heshima yake. Unaweza kumwendea wewe mwenyewe, umsalimu kama ulivyozoea, umwambie, "Shemeji, niliingiwa na hofu kwa ajili ya watoto. Sikukusudia kukudhalilisha. Anakuja mtaalamu kuangalia kama nyumba inaweza kubeba ghorofa, na bila wewe hataelewa kitu." Huna haja ya kusema kwamba nguzo ni nzuri wala kwamba ni mbaya.

Kwa mume wako nadhani njia ni ndefu zaidi. Anaposikia "nguzo ina matundu", anasikia "kaka yako aliyeacha shule kwa ajili yako hafai". Huwezi kushinda deni la namna hiyo kwa picha. Lakini lifikirie deni lenyewe. Siku nyumba hii ikipasuka, au Mungu apishe mbali ikaanguka, litakalotajwa kila mahali ni jina la fundi. Anayempenda kaka yake ana sababu kubwa ya kutaka nguzo zipimwe kuliko mtu mwingine yeyote. Mwambie hivyo ikiwa tu unaamini hivyo moyoni. Akihisi ni ujanja wa maneno, utafunga mlango uliobaki wazi.

Kuhusu njia zilizo mbele yenu, kila moja ina gharama yake.

Mnaweza kuendelea kama mlivyo. Utapata amani ya haraka na wapangaji mapema. Lakini slabu ikishamwagwa hairudishwi. Nguzo dhaifu leo, ikiwa haijabeba kitu, hubomolewa na kujengwa upya kwa kazi ya siku chache. Ikiwa imeshabebeshwa slabu, kuigusa ni operesheni ya hatari na ghali. Nawe utaendelea kukatwa mshahara vyovyote itakavyokuwa.

Mnaweza kusimama na kupima. Mhandisi wa miundo atataka ramani, atachimba vishimo pembeni mwa msingi aone kina na udongo, atagonga nguzo kwa nyundo maalumu ya kupimia ugumu, na ikibidi atakata kipande cha zege kipelekwe maabara. Anaweza kusema endeleeni. Anaweza kusema nguzo fulani zibomolewe, au zivishwe nondo na zege jipya kuanzia kwenye kitako kilichopanuliwa. Anaweza pia kusema nyumba hii ibaki ya chini. Ombeni taarifa ya maandishi yenye sahihi yake. Gharama ipo, na maumivu ya wiki kadhaa yapo. Vifaa havitaharibika kirahisi: nondo zikiinuliwa kutoka ardhini na kufunikwa, kutu kidogo ya juu haizidhuru, na mbao zikipangwa kivulini zitangoja. Bahati nzuri saruji hamjanunua, maana hiyo ndiyo hupoteza nguvu ikikaa ghalani miezi.

Ushauri mmoja juu ya nani aitwe: asiwe mume wa mfanyakazi mwenzako, hata kama ni hodari. Kwa mume wako yeye ameshakuwa upande wako. Mwache mume wako amchague mhandisi, sharti liwe moja tu, awe amesajiliwa na asiwe ndugu wa yeyote kati yenu.

Mnaweza pia kurudi kwenye nyumba mliyoipanga mwanzo na kuiezeka. Mtaondoka kwenye kodi mapema na mkopo utatosha zaidi. Mtakachopoteza ni kipato cha ghorofa, na mume wako atahisi ndoto yake imezimwa, msimlazimishe kuizika. Vyumba vya kupangisha vinaweza kujengwa baadaye pembeni, kwenye msingi wake wenyewe, kiwanja kikiruhusu. Hata katika njia hii ule ufa wa dirishani bado unahitaji kusomwa.

Kuhusu kuleta fundi mwingine, nenda taratibu. Fundi mpya aghalabu huanza kwa kuilaumu kazi ya aliyemtangulia, na asiye na mchoro wa mhandisi atakisia kama yule wa kwanza alivyokisia. Mtakuwa mmevunja udugu na hesabu bado haijafanyika. Yeyote atakayeendelea, hata akiwa shemeji, andikianeni: kazi gani, kwa mchoro upi, malipo kwa kila hatua baada ya kukaguliwa, nani anamwagilia maji na kwa siku ngapi. Kati ya ndugu watu huona haya kuandikiana, nao wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari.

Kisha fedha yako. Ni haki yako kuuliza inakwenda wapi, maana deni ni la jina lako. Ila fedha iliyozuiwa kimya kimya humwambia mume "sikuamini", na yeye hujibu neno hilo badala ya kujibu hoja. Kama utaamua kuendelea kuishikilia, mweleze waziwazi itatoka lini. Unaweza kumwambia kwamba sehemu yake ndogo inatoka leo kumlipa mhandisi, na iliyobaki itatoka kwa kadiri taarifa itakavyosema. Hapo nina swali la kukuuliza wewe. Mhandisi akisema nguzo zinafaa na kazi iendelee, utaitoa siku hiyohiyo, kwa moyo mweupe, na kumwambia shemeji hivyo mbele ya watu? Kama jibu ni hapana, basi kati yako na mume wako kuna jambo jingine linalohitaji kuzungumzwa kabla ya nyumba. Jiulize peke yako kwanza.

Mama mkwe naye amekuuliza swali linalostahili jibu la upole. Hataki wanawe wagombane, na wewe hutaki. Mtembelee badala ya kumjibu kwa simu. Huenda yeye ndiye pekee ambaye mwanawe mkubwa atamsikiliza akiambiwa arudi kumwonyesha mtaalamu kazi yake.

Na ikitokea mume wako akakataa upimaji wa aina yoyote? Hapo sitakuamulia. Unaweza kubaki na msimamo wako juu ya mkopo na kuubeba ubaridi wa nyumbani kwa muda, ukiomba mzee mnayemheshimu nyote awakalishe chini. Unaweza kutoa fedha kwa sharti la slabu kusimamiwa na mhandisi, ukijua hilo halijibu swali la msingi. Wewe ndiye unayeujua moyo wa mume wako, na kama hasira yake huwa ni ya kupita au ya kukaa. Ila kazi ya slabu ikianza kabla ya majibu, watoto wasikanyage chini ya mirunda ile, wala mtu asilale humo, na mirunda isiondolewe mpaka mhandisi aseme; kwa kawaida ni wiki 2 hadi 3, na nafasi kati ya nguzo ikiwa pana, muda huwa mrefu zaidi ya huo.

Ukiweza, anza na lile dogo la penseli na tarehe kwenye ufa, na umwombe mume wako akushikie rula.